Kuvuta Makasia Polepole Ndani ya Chumba: Je, Mwili Unafaidika?



Swali nililoombwa kulijibu ni fupi. Mtu anakaa kwenye mashine ya kupiga makasia, ndani ya chumba, anavuta kwa mwendo ambao bado unamruhusu kuzungumza na jirani yake. Baada ya dakika 30 anashuka, anajifuta uso, anakwenda zake nyumbani. Je, amefanya mazoezi ya kweli, au amejiburudisha tu? Jibu langu ni kwamba amefanya mazoezi ya kweli. Nitautumia muda wenu kueleza faida za mazoezi hayo zinatoka wapi, zinaishia wapi, na kwa nini naliona jambo hili kuwa zito kwa mji huu wa Kampala.

Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani uliolinganisha nchi 168: ni watu wazima wangapi ambao miili yao haishughuliki vya kutosha? Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Uganda ilikuwa na asilimia 5.5 tu, kiwango cha chini kuliko nchi zote. Vichwa vya habari vikatutangaza kuwa taifa la watu wakakamavu kuliko wote duniani, na wengi wetu tulifurahi. Mimi pia nilifurahi, lakini nikaangalia walichohesabu. Walihesabu kila kitu: kulima, kuchota maji, kubeba mizigo, kutembea kwenda kazini, na mazoezi ya kujitakia yakiwa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo sifa ile ni ya mkulima wa Masaka na mchukuzi wa Kikuubo. Ni ya mama anayepanda kilima na dumu la lita 20. Mtu huyohuyo, au mtoto wake, anapopata kazi ya mezani ghorofa ya nne kwenye Kampala Road, akanunua gari na kuhamia Kira au njia ya Entebbe, ile asilimia 5.5 inamwacha. Jembe limeondoka na hakuna kilichochukua nafasi yake.

Na mwili hauchelewi kulipa. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2014 ulikuta presha kwa asilimia 26.4 ya watu wazima wa Uganda, na kanda ya kati, ambayo ndiyo ya kwetu hapa, ikiongoza. Kilichonishtua zaidi ni kwamba asilimia 7.7 tu ya wenye presha ndio waliokuwa wanajua kuwa wanayo. Yaani katika kila wagonjwa 13, mmoja.

Sasa mfanyakazi huyu wa mezani anapoambiwa na daktari aanze mazoezi, anakwenda jimu. Muziki uko juu, mkufunzi anafoka, watu wanatiririka jasho. Anaelezwa, kwa maneno au kwa macho tu, kwamba zoezi lisilouma ni bure. Anajikaza. Kesho yake hawezi kushuka ngazi, keshokutwa anabaki nyumbani, na kadi aliyoilipia inaisha muda ikiwa kwenye droo. Nimewaona wengi wakipotea hivyo. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Walipewa dozi ya mwanariadha ilhali miili yao ilikuwa imezoea kiti.

Ziwa letu lina ushahidi wa zamani juu ya suala la mwendo. Kabla ya meli za moshi, njia ya kutoka Usukuma hadi Buganda ilikuwa ya mitumbwi. Kabaka alikuwa na kundi kubwa la mitumbwi chini ya Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mamba, na wapiga kafi waliosifika walitoka visiwa vya Ssese. Ni mikono ya watu wa ziwa iliyovusha bidhaa za wafanyabiashara wa pwani, na wageni kama wamisionari Wakatoliki Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walioteremka Kigungu, Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Safari kama hizo zilikula siku nyingi. Hakuna binadamu anayeweza kupiga kafi kwa nguvu zake zote kutwa nzima. Ataishiwa ndani ya dakika chache. Wale walijua mwendo ambao mwili unaweza kuubeba tangu alfajiri hadi jua la jioni, na mwendo huo ndio uliowajengea mabega na mapafu.

Niseme mara moja kwamba mashine ya jimu haiigi kafi ya Ssese. Mpiga kafi anatazama anakokwenda, na kazi kubwa iko kwenye mabega na kiwiliwili. Mpiga makasia wa mashua za mashindano anakupa mgongo anakokwenda, kiti chake kinateleza juu ya reli, na nguvu nyingi zinatoka miguuni. Mashine imeiga huu wa pili.

Uganda iliingia kwenye mchezo huo wa pili juzi tu. Kathleen Noble, aliyezaliwa nchini kwa wazazi wamisionari kutoka Ayalandi, alianza kwa kuiwakilisha Uganda katika kuogelea, kwenye mashindano ya dunia ya bwawa fupi huko Istanbul mwaka 2012. Kupiga makasia alijifunza akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda kushiriki Olimpiki, akamaliza wa 26 kwenye mashua ya mtu mmoja. Paris mwaka 2024 alikuwepo tena. Mbio zake ni mita 2,000, na kwa wanawake wa mashua ya mtu mmoja huchukua kama dakika nane. Mtu angedhani mazoezi ya mbio fupi kama hizo ni kujikamua kila siku. Sivyo. Sehemu kubwa ya nguvu ya dakika nane hizo inatokana na oksijeni, na uwezo wa kutumia oksijeni unajengwa kwa saa nyingi za mwendo mwepesi.

Hapo tuna ushahidi mzuri kutoka Norwe. Mwaka 2004 Åke Fiskerstrand na Stephen Seiler walipitia mazoezi ya wapiga makasia wa kimataifa wa nchi hiyo kuanzia mwaka 1970 hadi 2001. Katika miongo hiyo mazoezi mepesi yaliongezeka kutoka saa 30 kwa mwezi hadi saa 50, na mazoezi ya kasi ya mashindano yakapungua kutoka saa 23 hadi saa 7. Msidhani basi kwamba walidhoofika. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 12, na matokeo yao ya dakika sita kwenye mashine yalipanda kwa karibu asilimia 10. Walipunguza ukali, wakaongeza wingi, wakawa na nguvu zaidi.

Hoja hii ya Norwe inapendwa sana mitaani siku hizi, na nitairudia baadaye ili niipinge kidogo. Kwanza tuiangalie mashine yenyewe.

Aina inayoonekana zaidi kwenye jimu ilibuniwa na ndugu wawili wa Vermont, Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, ambao walitoa mashine yao ya kwanza mwaka 1981 kwa kutumia gurudumu la baiskeli. Ukivuta mpini, mnyororo unazungusha gurudumu lenye mapanga, na mapanga yanapambana na hewa. Hapo ndipo ulipo uzito wote. Hakuna vyuma vya kunyanyua. Unapambana na upepo unaoutengeneza mwenyewe. Pembeni kuna kitasa chenye namba 1 hadi 10 kinachoruhusu hewa kidogo au nyingi kuingia. Wageni wengi hukimbilia 10 wakidhani ndio ugumu wa wanaume. Kumi ni mzigo mzito unaovutwa polepole, unaochosha kiuno kabla ya moyo kupata kazi yake. Tatu hadi tano inatosha kwa karibu kila mtu. Na kwa kuwa Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa. Mashine inalijua hilo, maana kila baada ya mvuto inapima jinsi gurudumu linavyopungua kasi, ndipo inapokokotoa.

Hesabu ya upepo ina tabia moja ambayo kila anayevuta polepole anapaswa kuijua. Ukitaka kasi mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Anayevuta mita 500 kwa dakika tatu kamili anatoa kama wati 60. Akizivuta kwa dakika mbili na nusu, yuko kwenye wati 104. Akizivuta kwa dakika mbili, amefika wati 203. Kati ya dakika tatu na mbili na nusu, kasi imepanda kwa moja ya tano tu, lakini kazi imepanda kwa karibu robo tatu. Ndiyo maana mtu "anaongeza kidogo tu" kumfuata jirani, na dakika mbili baadaye anatweta. Mwendo mwepesi kwenye mashine hii unahitaji nidhamu, kwa sababu mlango wa kuingia kwenye mwendo mkali uko karibu mno.

Niwaonyeshe ilivyo kwa mtu. Mama mmoja mhasibu, aliyevuka miaka 50, alikuja akiwa ameagizwa na daktari. Alipokaa mara ya kwanza alifanya kile wanachofanya karibu wote: alishika mpini kama anavuta mbuzi mkaidi, mikono ikaanza kabla ya miguu, magoti yakainuka wakati mpini unarudi ikabidi aurushe juu yake, mgongo umepinda. Mivuto 34 kwa dakika, na ndani ya dakika nne pumzi hana. Nikamwomba asimame anywe maji.

"Mama," nikamwambia, "miguu kwanza. Sukuma ubao kwa nyayo zote mpaka miguu inyooke, ndipo uegemee nyuma kidogo, ndipo mikono ilete mpini chini ya mbavu. Kurudi, kinyume: mikono inyooke, mwili uiname mbele kutoka nyongani, mwisho kabisa magoti yakunjike. Na kurudi kuwe kwa taratibu, mara mbili ya muda wa kuvuta."

Alianza tena. Mivuto ikashuka hadi 20 kwa dakika, lakini skrini ikaonyesha anakwenda kasi ileile ya mwanzo. Akaendelea, akaanza hata kunisimulia mambo ya ofisini kwake. Mwisho akaniuliza, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi wa kweli:

"Mwalimu, mbona sikutweta? Hii si pesa ya bure?"

Mhadhara huu wote ni jibu la swali la mama yule.

Ndani ya mwili wake kulikuwa na shughuli nyingi kuliko alivyohisi. Kwa mtu asiye na mazoezi, kiasi cha damu kinachotoka moyoni kwa kila pigo kinakaribia kilele chake mwili ukiwa umefika nusu tu ya uwezo wake wa juu. Kwa maneno mengine, mwendo mwepesi tayari unaujaza moyo na kuunyoosha kikamilifu, pigo baada ya pigo, kwa nusu saa. Moyo uliozoeshwa hivyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache, ndiyo maana baada ya wiki kadhaa mapigo ya asubuhi kitandani hushuka. Kwenye misuli nako kuna mitokondria, yale majiko madogo ndani ya seli yanayochoma mafuta na sukari kwa oksijeni. Mwaka 1967 John Holloszy alionyesha kwa panya waliofunzwa kukimbia kwamba uwezo wa majiko hayo huongezeka kwa karibu mara mbili. Panya wale walikimbia kwa muda mrefu sana kila siku, siwafichi; lakini kanuni aliyoifichua ndiyo inayofundishwa hadi leo: misuli inayotumika mara kwa mara na kwa muda hujiongezea majiko. Na uzuri wa makasia ni kwamba misuli inayotumika ni mingi, ya mapaja, makalio, mgongo, mabega na mikono, kwa pamoja, bila kishindo chochote kwenye magoti. Mtu mnene ambaye kukimbia kunamuumiza viungo anaweza kukaa hapa akafanya kazi kubwa ya moyo huku kiti kimembeba.

Je, kuna ushahidi kwa watu wa kawaida, wasio wa Olimpiki? Upo, na bora ninaoujua ni utafiti uliochapishwa na Timothy Church na wenzake mwaka 2007 katika jarida la JAMA. Walichukua wanawake 464 waliokwisha koma hedhi, wenye uzito mkubwa, presha iliyopanda, na wasiofanya mazoezi: kwa hali zao, ni jirani kabisa na mama wa hadithi yangu. Kundi moja liliachwa kama lilivyo. Makundi matatu yalifanya mazoezi kwa miezi sita, yote kwa mwendo mwepesi, nusu ya uwezo wao wa juu. Waliofanya kidogo kabisa walitumia kama dakika 72 kwa wiki, yaani nusu ya kiwango kinachopendekezwa. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 4.2. Waliofanya kiwango kamili walipanda asilimia 6, na waliozidisha asilimia 8.2. Walitumia baiskeli na kutembea, si makasia, lakini moyo haujui umekalia nini. Unajua kazi uliyopewa.

Utafiti huohuo una upande wa pili na haifai kuuficha. Presha ya wanawake wale haikushuka kwa kiasi cha kuhesabika, na uzito pia haukushuka. Viuno vilipungua kidogo. Kwa jumla tafiti nyingine nyingi zinaonyesha kwamba mazoezi ya pumzi hushusha presha kwa vipimo vichache, kwa hiyo sisemi hayasaidii. Nasema asije mtu akaacha dawa zake kwa sababu amenunua mashine. Na anayekuja kwa ajili ya kupunguza unene ajue skrini inaweza kumdanganya. Mashine niliyoitaja inakokotoa kalori kwa kudhani kila mtu ana uzito wa kama kilo 79, na kabla hujavuta chochote inakuongezea kalori 300 kwa saa. Kwa mwendo wa wati 60, nusu saa itaandika kama kalori 253, na 150 kati ya hizo ni nyongeza hiyo. Rolex moja, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, pale getini inazirudisha zote na ziada.

Sasa nirudi kwa Wanorwe. Kuna watu wanasoma habari zao wakahitimisha kwamba mwendo mwepesi pekee unatosha kwa kila mtu, milele. Wanasahau kwamba wapiga makasia wale walikuwa wanafanya mazoezi zaidi ya saa 1,100 kwa mwaka. Mwendo wao mwepesi ulikuwa na wingi wa kutisha nyuma yake. Mfanyakazi wa Kampala mwenye saa moja na nusu kwa wiki hawezi kukopa mapishi yao bila kiasi chao. Na Norwe hiyohiyo imetoa utafiti unaosema hivyo. Mwaka 2007 Jan Helgerud na wenzake waliwachukua vijana wa kiume 40 ambao tayari walikuwa na mazoezi ya wastani, wakawapa wiki nane, mara tatu kwa wiki. Waliokimbia polepole kwa dakika 45 hawakuongeza uwezo wao wa juu wa oksijeni. Waliokimbia vipindi vinne vya dakika nne nne kwa nguvu, na mapumziko katikati, walipanda kwa asilimia 7.2.

Kanada nako, Robert Ross na timu yake katika Chuo Kikuu cha Queen's walifuatilia kwa miezi sita watu wazima wenye vitambi. Kati ya waliofanya mazoezi mepesi na machache, asilimia 38.5 hawakuongezeka uwezo wowote wa kupimika. Waliofanya mepesi lakini mengi, walioambulia patupu walishuka hadi asilimia 17.6. Na waliofanya mengi kwa nguvu, hakuna hata mmoja aliyetoka mikono mitupu.

Mimi nazisoma tafiti hizi kama ngazi, na hapa ndipo msimamo wangu ulipo. Kwa aliyekaa kitini miaka kumi, mwendo mwepesi ni mkubwa, na faida yake ni ya kweli. Kadiri mwili unavyozoea, mwendo uleule unapungua thamani yake, kwa hiyo lazima aongeze muda, na baadaye, mwili ukiruhusu, aongeze siku moja ya mivuto ya nguvu. Anayebaki mwaka mzima kwenye dakika 20 zilezile, kasi ileile, atahifadhi alichokipata lakini asitegemee kupanda. Kuhifadhi nako ni jambo kubwa kwa mtu wa miaka 60. Wakufunzi wengine wanadharau kuhifadhi huko. Mimi sidharau.

Kuna mambo mawili ambayo makasia mepesi hayatupi, nayataja kwa kifupi. Mifupa inahitaji kubeba uzito wa mwili, na kwenye mashine umekaa. Kwa hiyo kutembea, kupanda ngazi au kuruka kamba kusiachwe. Na nguvu za kunyanyua zinataka mzigo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za kazi ya nguvu, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mwongozo huo uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike dakika 10. Dakika zote zinahesabiwa.

Kiuno ndicho kinachoumia zaidi kwa wapiga makasia, na mara nyingi sababu ni mgongo uliopinda kwa uchovu. Ndiyo maana anayeanza nisingemruhusu apite nusu saa bila kusimama, hata kama pumzi anayo.

Wengine mtaniuliza kwa nini mtu ajifungie chumbani wakati vilima vya Naguru, Kololo na Muyenga viko palepale. Nami nakubali: anayeweza kupanda kilima alfajiri, apande, hatahitaji mashine, na hatalipa senti. Lakini tuseme ukweli juu ya mji huu. Barabara nyingi hazina njia ya miguu, bodaboda zinapita ulipokusudia kukanyaga. Jioni, mwanamke anayekimbia peke yake anatazama nyuma mara nyingi kuliko anavyotazama mbele. Mvua ikinyesha, inanyesha. Na kuna hewa. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, umetega vipimo katika sehemu nyingi za mji na umeonyesha kwamba vumbi laini linaloingia hadi ndani ya mapafu liko juu mara kadhaa ya mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka kama kiwango cha mwaka. Mtu anayefanya mazoezi huvuta hewa nyingi, kwa hiyo kando ya barabara kuu saa za foleni si mahali pake. Chumba chenye madirisha upande wa mbali na barabara kina nafuu.

Nchi hii ilishawahi kufundishwa kwamba ndani kunawezekana. Aprili 2020, wakati wa kufungiwa majumbani kwa ajili ya korona, Rais Yoweri Museveni, akiwa na miaka 75, alionyeshwa kwenye video akikimbia taratibu bila viatu ofisini mwake Ikulu, kisha akapiga pushapu 30. Hakutumia mashine yoyote. Watu wengi walizungumzia zile pushapu. Mimi nilivutiwa na mbio zile za taratibu zilizotangulia, kwenda na kurudi juu ya zulia, maana ndizo ambazo mtu yeyote wa umri wake angeweza kuziiga kesho yake bila kuumia. Mashine ya makasia ni ghali, inaagizwa kutoka nje, na familia nyingi hazitaimiliki. Iko jimu, hotelini, na kwenye baadhi ya shule na kambi. Asiyeifikia hajapoteza, kwa kuwa kanuni ya mwendo mwepesi, muda mrefu, mara nyingi, inafanya kazi kwenye kilima, kwenye baiskeli na hata hapo sebuleni.

Kwa anayeifikia, utaratibu wangu ni huu. Anza na siku tatu kwa wiki, dakika 15 kila siku, kitasa kwenye 4, mivuto 18 hadi 22 kwa dakika. Kipimo chako kiwe maneno: sentensi nzima itoke bila kukatika. Ikikatika, punguza nguvu za miguu, usipunguze muda. Kila wiki ongeza dakika mbili tatu hadi ufike 30. Ukifika hapo na mwili umetulia, chukua siku moja kati ya hizo tatu, uvute kwa nguvu dakika moja, upumzike kwa mivuto miepesi dakika mbili, mara nne au tano. Siku nyingine zibaki nyepesi. Mwenye presha, kisukari, au aliyewahi kubanwa kifua, apimwe kwanza kabla ya kukaa kwenye mashine. Na kwa ile hesabu ya mmoja katika 13, nadhani sote humu ukumbini tungepimwa wiki hii.

Na ninyi wakufunzi, ombi langu ni moja. Mgeni akija kesho, kitambi mbele na aibu usoni, msimpeleke kwenye namba 10 ili kumwonyesha kazi. Mfundisheni miguu kwanza, kaeni karibu naye, mzungumzisheni wakati anavuta, na dakika 15 zikiisha mwambieni ashuke hata kama anataka kuendelea, ili Jumatano arudi.